Diski za gofu: kasoro za kiwandani zinatambulikaje kabla ya kulipa, na plastiki ipi inadumu?

Mrushaji_Tampere

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoijua plastiki yenyewe ya diski za gofu, zile zinazorushwa kwa mkono hadi kwenye kikapu cha minyororo. Nembo tuziache kando.

Nina draiva (diski za kurusha mbali) tatu za kampuni moja (sitaitaja), jina moja, plastiki ileile ya bei ya juu. Mbili zimeandikwa gramu 175, moja 173, na zote ni mpya. Ya kwanza inakwenda imenyooka. Ya pili inakata kushoto hata nusu ya safari haijafika. Ya tatu ukiilaza juu ya kioo inayumba kama sufuria iliyobonyea, na ukiimulika unaona vipovu na michirizi ya rangi ya fedha inayotoka katikati kwenda nje.

Maswali yangu:

Kwa nini kalibu moja itoe diski tatu zenye tabia tatu? Vipovu ni kasoro au ni urembo? Na kama mtu anataka diski imfae miaka mitano, anunue ya bei ya chini au ya bei ya juu? Zinatumika Finland, majira ya baridi yakiwemo, halafu baadaye zitahamia Mombasa.

---

fundi_kalibu

Mkuu, majibu ya maswali mawili ya kwanza yamo ndani ya mashine, tuanzie huko.

Chembe za plastiki huingia kwenye pipa lenye parafujo na joto, zinayeyuka, na uji wake unasukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma yenye nusu mbili. Uji unaingilia katikati, ndiyo maana diski ina kitovu. Kutoka kitovuni unatandaa kupitia bamba la juu, ambalo unene wake ni milimita chache tu, mpaka ukingoni. Sasa angalia ukingo wa draiva: upana wake huweza kupita sentimita 2, na kanuni za PDGA (chama cha wachezaji wa gofu ya diski) zinaruhusu hadi 2.6. Kwa hiyo uji unalazimika kupita mahali pembamba ili kujaza mahali panene. Mhandisi yeyote wa plastiki angependa iwe kinyume chake, lakini diski haina namna nyingine.

Bamba huganda kwanza. Likishaganda, njia ya kwenda ukingoni imefungwa, na ukingo ambao bado una moto unaendelea kusinyaa bila kuongezewa uji. Mwendesha mashine akikatisha mapema shinikizo la kushindilia, ukingo unabaki na njaa: unapata vishimo vidogo juu ya uso, au uwazi uliojificha ndani, na uzito unashuka. Hiyo ni sababu mojawapo ya kalibu moja kutoa diski ya gramu 168 asubuhi na ya 175 mchana.

Ukingo ukisinyaa baada ya bamba kuwa gumu, unalibana bamba pande zote, nalo halina pa kwenda ila juu. Hapo unapata diski yenye mgongo wa kuba. Ukibadilisha muda wa kupoza au joto la maji yanayozunguka ndani ya kalibu, diski inayofuata inatoka bapa. Kalibu ni ileile, jina ni lilelile, lakini mruko si ule.

Jambo kubwa zaidi kwa draiva zako mbili za kwanza ni mstari wa maungio, pale nusu mbili za kalibu zinapokutana kwenye ncha ya nje ya ukingo. Mstari huo ukikaa juu zaidi kutoka mezani, diski inakuwa kaidi: kwa mrushaji wa mkono wa kulia anayerusha kwa nyuma ya mkono, inakimbilia kushoto mapema. Ukikaa chini, inakuwa legevu: inageukia kulia kwanza, na mwishoni inarudi kidogo tu. Kusinyaa kukitofautiana, mstari unapanda au unashuka kwa sehemu ya milimita, na mkono wako unaiona tofauti hiyo. Hata rangi ina mkono wake, maana kila unga wa rangi hubadilisha kidogo namna plastiki inavyopoa. Ndiyo maana pia kalibu moja ikijazwa plastiki mbili inatoa tabia mbili. Kwa kampuni ya Innova, kwa mfano, toleo la Champion (plastiki ya bei ya juu) kwa kawaida ni kaidi kuliko la DX (ya bei ya chini) lenye jina hilohilo.

Vipovu sasa. Diski nyingi za bei ya juu (Champion na Star za Innova, Z na ESP za Discraft, Opto na Gold za Latitude 64) ni za jamii ya poliuretani inayoyeyushwa, kwa kifupi TPU. Kichocheo kamili kila kiwanda kinakificha, lakini TPU zote zina tabia moja: hunywa unyevu wa hewani. Chembe zake lazima zikaushwe kabla ya kuyeyushwa, kwa kawaida saa 2 hadi 4 kwenye hewa kavu ya nyuzi 80 hadi 110 za Selsiasi kulingana na ugumu wake, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 0.05, na aina nyingine hutaka 0.02. Zisipokaushwa, maji yanageuka mvuke ndani ya pipa, na mvuke huo ndio michirizi yako ya fedha. Ingekuwa sura tu ningesema rusha usijali. Tatizo ni kwamba maji kwenye joto lile hukata minyororo ya molekuli za poliuretani yenyewe, na plastiki iliyokatwa minyororo hupasuka mapema. Ufa wake mara nyingi huanzia kitovuni.

Ila si kila kipovu ni kosa. Blizzard Champion ya Innova na matoleo ya Air ya Latitude 64 yamewekewa vipovu kwa makusudi ili diski iwe nyepesi, kwa sababu TPU ni nzito kuliko maji na bila hewa huwezi kupata draiva pana yenye gramu 140. Vipovu vya makusudi vimetawanyika sawasawa na jina la diski linatangaza. Vinavyotoka kitovuni kama miale, kwenye diski ya gramu 173, havikukusudiwa na mtu.

Kuyumba juu ya kioo: mara nyingi ni diski iliyotolewa kwenye kalibu bado ina moto, ikarundikwa juu ya wenzake. Kila sekunde ya kupoza ni gharama kwa kiwanda, na kishawishi ni kikubwa. Hili linarekebishika. Michirizi haina dawa, kwa hiyo hiyo ya tatu irudishe dukani.

---

Bi_Msasa

Fundi kamaliza upande wa mashine. Mimi niongeze ukaguzi wa dukani, maana wengi hutazama mhuri na rangi basi.

Nenda na mizani ya jikoni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, na kadi mbili tatu za benki. Usicheke, kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76 dunia nzima, kwa hiyo ni kipimo unachotembea nacho.

Anza na uzito. Namba iliyoandikwa chini ya diski hupishana na mizani kwa gramu moja au mbili, na kwa mchezo wa kawaida haidhuru. Kwa mashindano, kanuni ni gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, na hakuna diski inayoruhusiwa kuzidi 200. Draiva ya sentimita 21.1 inaishia 175.1, diski ya masafa ya kati yenye sentimita 21.7, kama Buzzz ya Discraft, inafika 180.1. Mizani ikikusomea 177 kwenye draiva ya 21.1, iache.

Halafu ilaze kwenye kioo au kaunta iliyonyooka, ukingo chini. Bonyeza kwa kidole sehemu nne za ukingo, moja moja. Isicheze. Ikicheza, jaribu kupitisha kadi chini yake. Kadi ikipita, hiyo imepinda kweli.

Hapohapo linganisha mistari ya maungio. Chukua mbili za jina moja, zisogeze mezani mpaka ncha zigusane, kisha pitisha ukucha kutoka moja kwenda nyingine. Ukucha ukipanda, ya pili ni kaidi kuliko ya kwanza. Ukitaka namba, panga kadi kando ya ukingo uone mstari unaanzia kadi ya ngapi. Tofauti ya kadi nzima kati ya diski mbili ni kubwa mno: hizo zichukulie kama diski mbili tofauti, hata kama jina ni moja. Mkuu wa Tampere, fanya hivi kwa zile mbili za kwanza, nadhani jibu utalipata kabla chai haijapoa.

Bonyeza mgongo kwa dole gumba. Ukinyumbuka na kurudi taratibu, sawa. Ukilia kwa! kama kifuniko cha kopo, bamba lina mkazo ndani, na diski hiyo itabadili umbo siku ya jua kali.

Mulika zile zinazopitisha mwanga. Tafuta miale ya fedha, madoadoa meusi (plastiki iliyoungua ndani ya pipa), na weupe au ufa wa unywele kuzunguka kitovu. Za rangi iliyojaa hazimuliki, hapo kitovu na mizani ndiyo mashahidi wako.

Mwisho, uzungushe ukingo mkononi. Kiwembe cha plastiki kwenye mstari wa maungio kinatokana na nusu za kalibu kutofunga vizuri. Kinaudhi kidole lakini hakipunguzi maisha ya diski.

Za vipande viwili kama za kampuni ya MVP, zenye ukingo uliomiminwa juu ya kiini, zikague na pale plastiki mbili zinapokutana. Ukucha usiingie.

Na zile zinazouzwa nafuu kwa kuwa hazikupita ukaguzi wa kiwanda: nyingi kosa lake ni mhuri uliopinda au rangi iliyochafuka. Ukizikagua hivi, ni biashara nzuri kuliko mpya yenye sanduku la maua.

---

Mnyororo_na_Kikapu

Nitofautiane kidogo na fundi. Swali la tatu la mkuu halijajibiwa, na neno "kudumu" hapa lina maana mbili zinazogombana.

Diski ya bei ya chini, ya jamii ya DX ya Innova au Retro ya Latitude 64, inaweza kukaa miaka kumi bila kuvunjika. Lakini mruko wake haudumu. Gonga miti michache, ukingo unapata meno na ncha inabonyea, na diski iliyokuwa kaidi inaanza kunyooka, kisha inageukia kulia. Kwenye uwanja wa misitu, draiva ya DX inabadilika ndani ya wiki. Ya TPU inapigwa miti ileile msimu mzima na tofauti huioni, kwa sababu poliuretani hurudi ilipotoka na inastahimili kukwaruzwa.

Kwa hiyo kwa draiva, lipa bei ya juu. Ukingo wake ni mwembamba nchani na kasi ni kubwa. Kila jino linahesabika.

Kwa diski za kumalizia, za kutupia kikapuni, usitupe hela. Kasi ni ndogo, mnyororo wa kikapu unakwaruza taratibu, na plastiki ya bei ya chini inashikika vizuri zaidi mkono ukiwa na jasho au umande.

Masafa ya kati ni pazuri zaidi. Wamarekani wa zamani walibeba Roc (diski ya masafa ya kati ya Innova) tatu za DX kwenye mfuko mmoja: mpya, ya makamo, na mzee. Mpya inarudi kushoto, ya makamo inanyooka, mzee anageukia kulia. Kuchakaa kwake kulikuwa zana. Anayesema DX haidumu ananunua diski moja. Wale walinunua tatu na kuzifanya mfululizo. Na DX tatu hazizidi sana bei ya mbili za juu.

Kuhusu baridi: plastiki zote hukakamaa, na za bei ya chini ndizo hupasuka zikigonga mti kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Kwa Januari ya Finland tafuta TPU laini, kwa mfano GStar ya Innova, iliyotengenezwa ibaki na unyumbufu kwenye baridi. Zile zinazong'aa gizani ziwe za mwisho kuchaguliwa, unga wa kung'aa unazifanya ngumu zaidi. Na mfuko usilale kwenye gari.

---

Mrushaji_Tampere

Nawashukuru wote. Nimepima kwa kadi: kaidi yangu iko juu kwa karibu nusu kadi. Bi Msasa, chai ilikuwa bado ya moto.

Ya tatu nairudisha. Lakini nina nyingine ya zamani iliyopinda kwa kuachwa garini Julai, na nyingine yenye kiwembe ukingoni. Naweza kuzirekebisha bila kuvunja kanuni? Na hilo la Mombasa je?

---

Bi_Msasa

Kiwembe na meno: kanuni ya PDGA namba 813.01 inaruhusu msasa wa kiasi kulainisha kasoro za kalibu na mikwaruzo. Usichoruhusiwa ni kubadili umbo ili iruke vingine, kuisugua kupita kiasi, au kuipaka rangi yenye unene unaohisika. Iliyopasuka au kutoboka hairuhusiwi kabisa, hata ufa uwe mdogo.

Nyama ya plastiki iliyoning'inia ikate kwanza kwa kisu kikali kilicholazwa, usiivute, ukivuta inachana kuelekea ndani. Kisha msasa namba 220 kwa misuguo miwili mitatu tu, 400, halafu 600 wenye maji. Sugua kwa kufuata mzunguko wa ukingo, usikate kutoka juu kwenda chini, maana hapo utakula mstari wa maungio na diski italegea. Simama pale ukucha usiponasa tena.

Iliyopinda: maji ya moto ya bomba, nyuzi 50 hadi 60, izame dakika mbili au tatu. Itoe, ifute, ilaze juu ya kioo ukingo ukiwa chini, weka juu yake ubao bapa unaogusa mgongo wote na uzito wa kilo moja hivi. Iache mpaka kesho. Mgongo wa kuba usiubonyeze kwa uzito mkubwa, utaufanya bapa na utakuwa umeibadilisha diski. Maji yanayochemka na kikausha nywele viache: ya kwanza yamezidi moto, na cha pili kinatia joto upande mmoja na unapata mpindo wa pili juu ya wa kwanza. TPU hurudi vizuri. Za bei ya chini hurudi nusu, na zikipata joto zinakumbuka mpindo.

Mhuri ukitaka kuufuta kwa asetoni, fanya kwenye TPU tu, kitambaa kiwe na unyevu mdogo, futa na kuosha mara moja. Kwenye plastiki ya bei ya chini asetoni inaweza kuula uso.

---

fundi_kalibu

Mombasa sasa. Adui si jua peke yake. Jua huzifanya TPU nyingi ziwe manjano, nyeupe inageuka rangi ya samli, lakini hilo huanza juu ya uso na mruko haubadiliki upesi. Adui mkubwa ni joto na unyevu vikikaa pamoja muda mrefu. Kuna TPU za msingi wa esta na za msingi wa etha. Za esta zina nguvu na hazikwaruziki kirahisi, lakini maji huzila polepole. Za etha huvumilia unyevu. Kiwanda hakiandiki kwenye diski ni ipi, kwa hiyo hifadhi zote kana kwamba ni esta.

Usiziweke darini chini ya mabati. Weka chumbani, mahali pakavu pasipo jua, kwenye boksi la karatasi lenye matundu na vifuko vichache vya kunyonya unyevu, kama vile vinavyokuja na viatu. Zikaushe kabisa kwanza. Kuzifunga zikiwa mbichi ndani ya mfuko wa nailoni ni kuzipika. Zisigusane na turubai au mfuko laini wa vinili, mafuta yake ya kulainisha huhamia kwenye diski na kuifanya inate. Za bei ya chini zisisimamishwe kwa ukingo miezi mingi, uzito wake wenyewe unazipinda. Zilaze, nne tano, bila mzigo juu.

Kila miezi mitatu zitoe. Ikinata mkononi baada ya kuoshwa kwa sabuni ya vyombo, au ukiikunja kidogo bamba linatoa nyufa nyembamba, minyororo imeshakatika na hairudi.

Na hili ni la Tampere na Mombasa pia, maana mbu wako kote: dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha uso wa poliuretani. Ukijipaka, nawa viganja kabla ya kushika diski. Alama ya vidole ikishazama haitoki hata kwa msasa wa 600.